Katharine Hepburn: jinsi jukwaa lilivyomtoa kwenye orodha ya "sumu"

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari mjini Kigoma, anayesimamia kikundi cha maigizo cha wanafunzi wake. Anasema aliitazama filamu ya The African Queen kwa kuwa watu wa kwao huihusisha na meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, akavutiwa na yule mama aliyeigiza dada wa mmisionari. Alipofuatilia akakuta mambo mawili yasiyopatana: kwamba Katharine Hepburn ana Oscar nne za mwigizaji mkuu, na hakuna mwigizaji mwingine, mwanamke wala mwanamume, aliyefikisha idadi hiyo, na kwamba mwaka 1938 wenye kumbi za sinema Marekani walimtangaza hadharani kuwa ni sumu kwenye dirisha la tiketi. "Alitokaje hapo?" anauliza. "Na kwa nini mtu aliyekwisha kufika Hollywood arudi tena na tena jukwaani, penye pesa kidogo?" Mwishoni anauliza pia awaonyeshe nini wanafunzi wenye saa moja tu.

Mwalimu, maswali yako mawili ya kwanza jibu lake ni moja. Hepburn alitoka kwenye shimo la 1938 kwa njia ya jukwaa, na aliporudi Hollywood alikuwa ameshika kitu ambacho wenye studio walikitaka. Wengi humsimulia kama mwanamke mkaidi aliyeshinda kwa ukaidi wake. Ukaidi alikuwa nao, tena wa kutosha, ila wakaidi walijaa Hollywood na wengi wao wamesahaulika. Ukifuatilia mikataba yake mwaka hadi mwaka, unamwona mtu aliyejua faida ya kuwa na mahali pengine pa kufanyia kazi.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 huko Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa daktari wa magonjwa ya njia ya mkojo. Mama yake alipigania haki ya wanawake kupiga kura, na baadaye haki ya uzazi wa mpango. Watoto walilelewa kubishana mezani na watu wazima. Mwaka 1921 kaka yake Tom alikutwa amejinyonga, na aliyemkuta ni Katharine, binti wa miaka 13. Kwa miaka mingi baada ya hapo alitaja siku ya kuzaliwa ya Tom, 8 Novemba, kuwa ndiyo yake, hadi alipoandika ukweli katika kitabu cha maisha yake mwaka 1991.

Mwaka 1928 alimaliza chuo cha Bryn Mawr, akaenda moja kwa moja Baltimore kuomba kazi kwenye kampuni ya maigizo. Tatizo lake la kwanza lilikuwa sauti. Akipandwa na msisimko, maneno yalikimbia na sauti ikapaa hadi watu wasimwelewe. Akapelekwa New York kwa mwalimu wa sauti, Frances Robinson-Duff. Mwaka huohuo alipewa nafasi kubwa katika mchezo wa The Big Pond, akacheza onyesho moja, akafukuzwa. Kisha akawa mwigizaji wa akiba katika Holiday, mchezo wa Philip Barry: unayajua maneno yote, unakaa nyuma ya pazia, unasubiri mwenye nafasi aumwe. Shika jina la Barry, tutalihitaji.

Mlango ulifunguka mwaka 1932 katika The Warrior's Husband, mchezo kuhusu taifa la wanawake wapiganaji. Hepburn aliingia akishuka ngazi nyembamba kwa kuruka, ayala mzima akiwa begani mwake. Wakala wa waigizaji alimwona, na studio ya RKO ikaomba afanyiwe jaribio mbele ya kamera. Mwongozaji George Cukor alipolitazama jaribio lile alimwona wa ajabu mno, karibu amkatae. Kilichombadilisha mawazo ni kitendo kimoja: Hepburn alichukua glasi akiwa ameipa kamera mgongo, na namna alivyoichukua ilibeba huzuni nzima ya tukio lile. Uso hauonekani. Uzito wote umo mgongoni na mkononi. Hilo ni jambo la jukwaani, Mwalimu. Mtu wa kiti cha nyuma kabisa ukumbini hauoni uso wako, kwa hiyo mwili lazima ujue kusema. Waambie wanafunzi wako hivyo.

Jukwaani alikuwa hapati hata dola 100 kwa wiki. RKO aliwaambia anataka 1,500. Wakakubali.

Filamu yake ya kwanza, A Bill of Divorcement, ilitoka 1932. Mwaka uliofuata akacheza Morning Glory, akimwigiza msichana mgeni New York anayetaka kuwa mwigizaji mkubwa wa jukwaani, na akapata Oscar ya kwanza akiwa hajafunga miaka miwili Hollywood. Mwaka huohuo alikuwa Jo katika Little Women, nafasi iliyomkaa vizuri kuliko karibu zote alizocheza muongo ule. Sasa angalia alichofanya binti wa miaka 26 mwenye filamu mbili zinazouza: akakimbilia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kucheza The Lake.

Lilikuwa anguko kubwa. Mchezo ulifunguliwa Desemba 1933, watu wakiwa wamekwisha kununua tiketi kwa wingi kwa sababu ya jina lake, na Hepburn akaganda. Sauti ikapanda kama zamani. Kuna kejeli mashuhuri inayohusishwa na mwandishi Dorothy Parker, kwamba Hepburn alizipitia hisia zote kuanzia A mpaka B. Wanaomsimulia huishia kwenye kejeli hiyo. Mimi naona lililofuata lina maana zaidi: hakuikimbia kazi. Alitafuta mwalimu, akafanya mazoezi mchana na kupanda jukwaani usiku, katika mchezo ambao tayari umechekwa mji mzima. Mtayarishaji Jed Harris alipotaka kuuzungusha mchezo ule majimboni, Hepburn alimlipa dola 14,000 hivi, sehemu kubwa ya akiba yake, ili ufungwe. Hapo alijifunza kitu ambacho baadaye kilimwokoa: mkataba unaweza kununuliwa, mradi uko tayari kutoa chako.

Sasa tufike kwenye "sumu". Baada ya 1934 filamu zake ziligonga mwamba moja baada ya nyingine, ukitoa chache kama Alice Adams ya 1935. Sababu zilikuwa kadhaa na zilisukumana. RKO ilimvalisha magauni ya karne zilizopita katika hadithi nzito ambazo watu wa miaka ile ya ukosefu wa kazi hawakuwa na hamu nazo: Mary of Scotland, A Woman Rebels, Quality Street. Lafudhi yake ya watu wenye nacho ilikwaruza masikio ya mtu aliyepoteza kibarua. Magazeti hakuyapenda, nayo hayakumpenda. Alikataa mahojiano na kunyima watu saini. Na kulikuwa na suruali. Alizivaa kila siku wakati ambao mwanamke maarufu kuvaa suruali kulihesabiwa kuwa dharau. Inasimuliwa kwamba studio walipozificha suruali zake, alitoka nje na nguo ya ndani akitembea mbele ya watu mpaka wakazirudisha.

Mei 1938 likatokea tangazo katika gazeti la biashara ya filamu, limelipiwa na chama cha wenye kumbi wasio chini ya studio, kiongozi wao akiwa Harry Brandt. Liliorodhesha mastaa waliosemwa kuwa wanalipwa fedha nyingi na hawaingizi watu. Soma majina, Mwalimu: Greta Garbo, Marlene Dietrich, Joan Crawford, Mae West, Fred Astaire, Katharine Hepburn. Orodha ya watu tunaowakumbuka hadi leo. Wenye kumbi walikuwa na hasira ya haki juu ya jambo jingine. Studio ziliwauzia filamu kwa mafungu: ukitaka moja nzuri, beba na mbovu kadhaa pamoja nayo. Mwenye ukumbi mdogo alilipia filamu ambazo hazijai watu, na mastaa ndio waliokuwa na sura za kuwekwa gazetini. Hepburn alibeba lawama ya utaratibu mzima wa biashara, ingawa sehemu ya lawama ilikuwa yake kweli.

RKO ikampa nafasi katika filamu ndogo isiyo na hadhi. Akakataa, akatoa fedha yake na kuununua mkataba, akawa huru. Akaenda studio ya Columbia kucheza filamu ya Holiday, ule mchezo wa Barry ambao miaka kumi nyuma alikuwa mwigizaji wake wa akiba. Ni filamu nzuri sana, na haikumwokoa. Akarudi kwao, nyumba ya familia ya pwani ya Fenwick, Connecticut. Septemba mwaka huo kimbunga kikubwa kikaibomoa nyumba ile na kuisomba. Alikuwa na miaka 31, hana studio, hana nyumba ya pwani, na jina lake liko kwenye orodha.

Hapa ndipo penye utamu wote wa habari hii, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Philip Barry alikuwa anaandika mchezo mpya, The Philadelphia Story, akiwa na Hepburn kichwani. Naye Barry alikuwa na michezo iliyoanguka nyuma yake. Kampuni ya Theatre Guild, iliyouchukua, ilikuwa imelemewa na madeni. Watu watatu waliokaukiwa wakakutana. Hepburn hakuchukua mshahara. Alikubali kulipwa asilimia ya mapato, maana yake mchezo ukifa anaambulia patupu. Na kabla pazia halijafunguliwa, rafiki yake tajiri Howard Hughes alizinunua haki za kuugeuza mchezo ule kuwa filamu, akampa.

Tazama pia alichoandika Barry. Tracy Lord, mhusika mkuu, ni binti wa tajiri, mrembo, mwenye maneno makali, asiyesamehe udhaifu wa mtu. Yaani alichukua kila kitu ambacho watu walikuwa wanamlalamikia Hepburn, akakiweka jukwaani, kisha akamfanya binti yule akosee, alewe, aone aibu, na ajifunze huruma mbele ya macho yao. Watazamaji walipewa nafasi ya kumwona Hepburn akishushwa, halafu wakajikuta wanampenda. Dada zetu wanaosoma mchezo huu leo husema una ukali usio wa haki kwa mwanamke, na ni kweli. Tracy anasomewa makosa yake na kila mwanamume wa nyumba ile, hadi baba yake mzinzi. Hata hivyo Hepburn alijua anachokubali na kwa nini anakikubali.

Mchezo ulifunguliwa Shubert Theatre, New York, tarehe 28 Machi 1939, ukachezwa mara 417, kisha ukazunguka miji mingine. Theatre Guild ikapumua. Studio zikaja kuuliza bei ya haki, zikiwa na majina ya waigizaji wengine wa kike mfukoni. Jibu likawa moja: anayetaka mchezo amchukue na mwenyewe. Louis B. Mayer wa MGM alikubali. Mapatano yalifikia dola 250,000, na Hepburn akapata sauti katika kuchagua mwongozaji na waigizaji wenzake. Alimchagua Cukor. Aliwataka Clark Gable na Spencer Tracy, akapewa Cary Grant na James Stewart, na hesabu ikawa sahihi kuliko alivyoomba: Stewart alipata Oscar kwa kazi ile.

Filamu yenyewe inaanza na tukio lisilo na neno hata moja. Grant anatoka nyumbani na mizigo, Hepburn anamfuata na mfuko wa fimbo za gofu, anachomoa moja na kuivunja gotini. Grant anageuka, anakunja ngumi, anajizuia, kisha anamshika usoni na kumsukuma hadi chini. Leo tukio hilo linatukera, na halikosi sababu ya kutukera. Ila fikiria mwenye ukumbi wa mwaka 1940 aliyekuwa amesaini lile tangazo. Sekunde chache tu, na deni alilokuwa anamdai Hepburn limelipwa. Sasa anaweza kukaa acheke. Waliotengeneza filamu walijua kabisa wanamlipa nani. Filamu ilijaza kumbi, na neno "sumu" likafa.

Baada ya hapo hakurudi kuwa mtu wa kungoja kupewa. Alimpelekea Mayer hati ya filamu bila majina ya waandishi, kwa sababu walikuwa vijana na studio ingewapunja wakijulikana. Akaomba dola 250,000, nusu yake na nusu ya waandishi, akazipata. Ndiyo Woman of the Year ya 1942, filamu yake ya kwanza kati ya tisa na Spencer Tracy. Habari za mapenzi yao zimeandikwa kupita kiasi na sitaziongeza. Katika hizo tisa, Adam's Rib ya 1949, wanasheria mume na mke wanaopambana kwenye kesi moja, inatosha kukuonyesha jinsi wawili wale walivyosikilizana. Na si kila kitu cha miaka ya MGM kilikuwa dhahabu: mwaka 1944 walimpaka rangi na kumvuta macho aigize mwanamke wa Kichina katika Dragon Seed. Hilo halina utetezi.

Wakati studio inampa kazi na mshahara, Januari 1950 alipanda Broadway kucheza Rosalind katika As You Like It ya Shakespeare. Alikuwa na miaka 42, na Rosalind ni msichana. Wahakiki waligawanyika, baadhi walisifu miguu yake kuliko mashairi. Yeye alisema wazi kwamba alitaka kujipima. Mwaka uliofuata akaenda Afrika.

Hapa Mwalimu niseme jambo la kwenu. The African Queen inasimulia Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na mwandishi wa riwaya yake, C. S. Forester, alichota kwenye vita vya ziwa lenu. Lakini haikupigwa Ziwa Tanganyika. Picha zilichukuliwa mto Ruiki huko Kongo, kisha Butiaba kwenye Ziwa Albert na Maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Matukio mengi ya ndani ya maji yalimaliziwa kwenye matangi ya studio London. Liemba haionekani kabisa. Na meli ile, Graf von Götzen wakati huo, haikupigwa na mashua ya mlevi mmoja na dada wa kanisa. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wakiwa wanakimbia, Waingereza wakaiinua 1924, na ikaanza safari kama Liemba mwaka 1927. Nadhani wanafunzi wako wanastahili kuujua mkasa huo wa kweli kabla ya ule wa filamu.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kwa kila mtu. Siafu waliivamia kambi, mashua ilizama ikabidi ivutwe juu. Hepburn, aliyekuwa akiwasema Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston kwa unywaji wao, alishikilia maji, na maji ndiyo yaliyomwangusha; aliugua tumbo vibaya. Ile sehemu ya mwanzo kanisani, anapopiga kinanda huku jasho linamtoka, aliicheza ndoo ikiwa jirani ili atapike kati ya kupiga picha moja na nyingine. Tazama tena uso wake pale. Amepauka kwelikweli.

Somo la uigizaji lililo bora zaidi katika habari hiyo ni fupi. Siku za mwanzo Hepburn alimwigiza Rose kama mtu mkavu, mwenye kununa, kwa kuwa ndivyo maandishi yalivyomwonyesha. Huston alimwendea akamwambia afikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akiwatembelea askari majeruhi hospitalini: moyo mzito, lakini tabasamu limewekwa usoni kwa ajili ya wengine. Hakumwonyesha wapi asimame wala asemeje. Hepburn aliandika baadaye kwamba hakuwahi kupewa maelekezo bora kuliko hayo, na ukiitazama filamu ukijua hilo, unaona jinsi tabasamu lile linavyombeba Rose tangu kaburi la kaka yake hadi mwisho. Bogart alipata Oscar yake pekee. Hepburn aliteuliwa, hakupata.

Miaka ya hamsini ndiyo inayonifanya nimheshimu zaidi. Alicheza mchezo wa Bernard Shaw London mwaka 1952. Mwaka 1954 alikwenda Venice kucheza filamu ya Summertime ya David Lean, akatumbukia mfereji mchafu kwa ajili ya tukio moja na kupata maambukizo ya macho yaliyomsumbua maisha yote. Mwaka uliofuata, badala ya kungojea faida ya filamu ile, akaungana na kampuni ya maigizo ya Old Vic na kuzunguka Australia kwa miezi kadhaa akicheza michezo mitatu ya Shakespeare, mmojawapo ukiwa ule tunaoufahamu kwa kalamu ya Mwalimu Nyerere kama Mabepari wa Venisi. Alikuwa Portia. Mwaka 1957 alimcheza Portia tena, na Beatrice, kwenye tamasha la Shakespeare huko Stratford, Connecticut. Mwaka 1960 akarudi hapo kama Viola na Kleopatra. Malipo ya tamasha lile hayakufikia hata chembe ya alichozoea MGM.

Alipata nini? Sikiliza sauti yake katika filamu za kabla na za baada. Kabla, sentensi ndefu ilimpeleka mbio. Baada ya miaka ya Shakespeare, anaweza kuibeba hotuba ya dakika kadhaa, akaipandisha na kuishusha, akanyamaza katikati na bado amekushika. Mwaka 1962 alitumia uwezo huo wote katika Long Day's Journey into Night, mchezo wa Eugene O'Neill uliogeuzwa filamu na Sidney Lumet kwa bajeti ndogo, baada ya mazoezi kama ya jukwaani. Anamwigiza mama aliyenaswa na mofini, akirudi nyuma polepole hadi usichana wake mbele ya mume na wana wasioweza kumzuia. Tamasha la filamu la Cannes liliwapa tuzo za uigizaji waigizaji wakuu wote wanne. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, kuzidi zote nne za Oscar.

Kisha akanyamaza karibu miaka mitano kumuuguza Tracy. Walirudi pamoja katika Guess Who's Coming to Dinner. Hakuna kampuni iliyokubali kumkatia Tracy bima, kwa hiyo Hepburn na mwongozaji Stanley Kramer waliweka malipo yao wenyewe kuwa dhamana. Tracy alikufa Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza sehemu yake. Hepburn alipata Oscar ya pili kwa filamu hiyo, miaka 34 baada ya ya kwanza. Mwaka uliofuata ya tatu, kwa The Lion in Winter, kura zikiwa sawa na za Barbra Streisand. Ya nne ilikuja kwa On Golden Pond ya 1981, akiwa na miaka zaidi ya 70. Hakwenda kuchukua hata moja.

Angalia asili ya filamu hizo nne. The Lion in Winter na On Golden Pond zote zilikuwa michezo ya jukwaani kwanza. Morning Glory nayo ilitokana na mchezo, ulioandikwa na Zoë Akins. Ni moja tu iliyoandikwa kuwa filamu tangu mwanzo. Mtu anayejua kubeba sentensi ndefu, na anayejua kwamba mgongo nao unasema, hupata nyumbani kwake katika maandishi ya namna hiyo.

Jukwaa lenyewe halikumlipa hivyo. Aliteuliwa mara mbili kwa tuzo ya Tony, ile ya michezo ya Broadway, kwa Coco na The West Side Waltz, asipate hata moja kati ya hizo. Coco, iliyofunguliwa Desemba 1969, ilikuwa ya nyimbo, naye akiwa na miaka 62 hakuwahi kuwa mwimbaji. Alijifungia na mwalimu wa uimbaji kwa miezi. Baadaye, akizunguka na mchezo wa A Matter of Gravity, alivunjika nyonga, akaendelea kucheza akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikufa nyumbani Fenwick tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96, na kumbi za Broadway zikapunguza taa zake kwa heshima.

Umeuliza pia uwaonyeshe nini wanafunzi wenye saa moja tu. Wengi watakwambia The African Queen. Mimi nakushauri uchukue vipande viwili vya Stage Door ya 1937. Hepburn ni Terry, binti tajiri anayejifunza uigizaji katika hosteli ya wasichana maskini wa New York. Kuna maneno anayotakiwa kuyasema akiingia na maua ya kala mkononi, aliyoyabeba siku ya harusi na leo anayaweka kukumbuka kitu kilichokufa. Maneno hayo yametoka kwenye The Lake, mchezo uleule uliomwaibisha. Kipande cha kwanza ni cha mazoezi: Terry anayasema kama anasoma risiti. Kipande cha pili ni usiku wa ufunguzi, punde baada ya kupata habari kwamba msichana mwenzake, aliyestahili nafasi ile, amejiua. Maneno ni yaleyale na maua ni yaleyale. Onyesha cha kwanza, simamisha, waache wayasome maneno hayo wao wenyewe kwa zamu, kisha onyesha cha pili, na uwaulize alichobadilisha kwenye kasi, kwenye macho, na mahali alipovuta pumzi. Washikilie hapo kwenye pumzi, kwa sababu ndipo kikundi cha shule kinaweza kuanza kufanyia kazi kesho yake.